Urithi Ulio Nje ya Kiini: Tunalifundishaje Neno "Kurithi"?

Utangulizi

Katika mazungumzo ya kila siku tunasema kwamba mtoto amerithi pua ya baba yake, kwamba kijana amerithi minazi ya babu yake, na kwamba muhogo mchanga umerithi ugonjwa wa muhogo uliokatwa pingili. Kitenzi ni kimoja, lakini mambo yanayosemwa ni matatu. La kwanza ni la maumbile, la pili ni la mali, na la tatu, kama tutakavyoona, si urithi hata kidogo.

Katika makala haya tunakusudia kueleza sehemu moja ya elimu ya urithi ambayo haifundishwi sana kwa Kiswahili, nayo ni urithi unaopita nje ya kiini cha seli. Tutaeleza ulivyogunduliwa na watafiti wa mimea, namna unavyofanya kazi, na kwa nini mwalimu wa lugha anapaswa kuufahamu. Mifano yetu mingi tumeichukua katika mwambao wa kaskazini wa Cabo Delgado, nchini Msumbiji, kuanzia mlango wa mto Ruvuma, kupitia Palma na Mocímboa da Praia, hadi Quissanga na visiwa vya Quirimbas.

Tumeuchagua mwambao huu kwa sababu mbili. Kwanza, hapa Kiswahili kinaishi pamoja na Kimwani, Kimakwe, Kimakonde na Kimakhuwa, wakati shuleni sayansi hufundishwa zaidi kwa Kireno. Mwanafunzi husikia neno moja darasani na jingine shambani, na mara nyingi Kiswahili ndicho daraja kati ya jirani na jirani. Pili, tangu mashambulizi ya Mocímboa da Praia ya Oktoba 2017, na baadaye shambulio la Palma la Machi 2021, mamia ya maelfu ya watu wa mkoa huu wameyahama makazi yao. Aliyekimbia hawezi kubeba shamba. Anaporudi anahitaji pingili za muhogo na machipukizi ya migomba kutoka kwa wengine, na hapo swali la nini kinarithiwa na nini kinaambukizwa huwa swali la chakula.

Neno urithi na jamaa zake

Tuanze na lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Maneno urithi, kurithi, mrithi na mirathi yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, nayo yaliingia pwani yakiwa yameambatana na sheria ya kugawa mali ya marehemu. Kwa hiyo ndani ya neno urithi mna picha iliyojificha: kuna aliyekufa, kuna kilichobaki, na kuna wanaogawana. Akipewa huyu, mwingine hupungukiwa.

Urithi wa maumbile hauendi hivyo. Mzazi hatoi kitu akabaki bila. Anatoa nakala. Mgomba uliotoa chipukizi hukaa na kila ulichokuwa nacho, na mama aliyezaa watoto sita hajagawa sehemu sita za asili yake. Mwalimu asipolisema jambo hili waziwazi, mwanafunzi hubaki na picha ya mirathi kichwani na huuliza maswali yasiyo na jibu, kwa mfano kwa nini kifungua mimba hakuchukua sehemu kubwa zaidi.

Neno jingine ni nasaba, ambalo limetupatia istilahi ya kinasaba na vinasaba. Nasaba ni ukoo, na katika desturi ya pwani ya Waislamu mtu hutajwa kwa jina la baba, na baba wa baba. Kwa upande mwingine, Wamakonde na Wamakhuwa, ambao ni majirani wa Wamwani, kwa desturi huhesabu ukoo upande wa mama. Kwa Wamakhuwa ukoo huo, unaoitwa nihimo, mtoto huupata kwa mama. Hivyo basi, katika darasa moja la Mocímboa da Praia wanaweza kukaa pamoja wanafunzi wenye picha mbili tofauti za ukoo. Tutaona kwamba seli yenyewe ina nafasi kwa picha zote mbili.

Seli na kiini chake

Kila kiumbe kimejengwa kwa seli. Katikati ya seli ya mmea au ya mnyama mna kiini, na ndani ya kiini mna kromosomu zinazobeba jeni, yaani maagizo ya kuujenga mwili na kuuendesha. Hapa mwalimu awe macho kidogo, kwa sababu neno kiini wanafunzi wengi hulijua kwanza kama sehemu ya njano ya yai la kuku. Ni vizuri kusema kiini cha seli kila mara, hadi wazoee.

Nje ya kiini mna ute unaoitwa saitoplazimu. Katika ute huo huelea vijisehemu vingi vyenye kazi maalumu, na viwili kati yake vinatuhusu. Mitokondria hutoa nguvu inayotumiwa na seli. Kloroplasti, zilizomo katika mimea, hunasa mwanga wa jua na kutengeneza chakula kwa njia ya usanisinuru, nazo ndizo zinazoyapa majani rangi ya kijani.

Jambo la ajabu ni kwamba mitokondria na kloroplasti zina DNA yao wenyewe, isiyo ya kiini. Wanasayansi wanaeleza kwamba asili ya vijisehemu hivi ni bakteria waliokuwa wakijitegemea, ambao zamani sana waliingia katika seli nyingine wakabaki humo kwa manufaa ya pande zote mbili. Wageni hao walihamia, wakawa wenyeji, lakini walibaki na daftari lao dogo. Kwa mfano, katika mgomba DNA ya kiini, ambayo mpangilio wake ulichapishwa mwaka 2012, ina herufi zipatazo milioni 523 katika seti moja ya kromosomu 11. Daftari la kloroplasti ya mgomba lina herufi zipatazo 170,000 tu. Ni dogo, lakini bila hilo jani halitengenezi chakula.

Correns na ua lenye matawi ya rangi mbili

Mtawa Gregor Mendel alichapisha majaribio yake ya njegere mwaka 1866, akaonyesha kwamba mzazi wa kike na wa kiume huchangia sawasawa. Ukichukua chavua ya mmea wa kwanza ukaipeleka kwa wa pili, au ukafanya kinyume chake, watoto huwa wa namna ile ile. Kazi yake ilikaa bila kutiliwa maanani hadi mwaka 1900, ilipoibuliwa upya na watafiti kadhaa, mmoja wao akiwa Mjerumani Carl Correns, aliyezaliwa mwaka 1864.

Correns huyo huyo, aliyesaidia kuithibitisha kanuni ya Mendel, ndiye aliyekuta mahali isipofika. Alikuwa akichunguza mmea wa bustani uitwao kwa jina la kisayansi Mirabilis jalapa, ambao maua yake hufunguka alasiri. Alikuwa na aina yenye matawi ya namna tatu kwenye mmea mmoja: matawi ya kijani, matawi meupe, na matawi yenye mabaka ya kijani na meupe. Alichukua chavua kutoka kila tawi akaipeleka kwenye maua ya kila tawi, kisha akaipanda mbegu iliyopatikana.

Matokeo aliyoyatoa mwaka 1909 yalikuwa haya. Mbegu za ua lililoota kwenye tawi la kijani zilitoa miche ya kijani, hata kama chavua ilitoka tawi jeupe. Mbegu za ua la tawi jeupe zilitoa miche myeupe iliyokufa mapema, maana haikuweza kujitengenezea chakula. Mbegu za tawi la mabaka zilitoa miche ya namna zote tatu. Rangi ya jani ilimfuata mama peke yake, na baba hakuwa na neno.

Maelezo yake leo ni mepesi. Yai la mmea ni seli kubwa yenye kiini pamoja na saitoplazimu iliyojaa kloroplasti changa. Seli ya kiume inayotoka katika chavua ni ndogo, na katika mimea mingi huleta kiini tu, kwa kuwa kloroplasti zake huachwa njiani au huharibiwa. Tawi la mabaka lina kloroplasti za aina mbili, nzima na mbovu. Seli zinapogawanyika, hugawiwa kwa bahati: yai moja hupata nzima tupu, jingine mbovu tupu, na jingine mchanganyiko.

Katika mwaka huo huo wa 1909, Mjerumani mwingine, Erwin Baur, alieleza majaribio yake juu ya ua la Pelargonium. Huko alikuta kwamba pande zote mbili zinaweza kutoa kloroplasti, ila si kwa mpango wa Mendel. Baur ndiye aliyesisitiza kwamba kloroplasti zenyewe ndizo zinazobeba urithi huo. Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa tunaonywa tusiseme kwamba urithi wa nje ya kiini ni wa mama siku zote. Ni wa mama mara nyingi.

Mtafiti wa tatu tunayemtaja ni Peter Michaelis, naye wa Ujerumani, aliyeutumia mmea wa Epilobium kwa miongo kadhaa. Alichukua mama wa spishi moja akampa chavua ya spishi nyingine. Binti aliyepatikana akampa tena chavua ya spishi ile ile ya baba, na mjukuu vivyo hivyo, vizazi zaidi ya 20. Tuhesabu pamoja. Katika kizazi cha kwanza kiini kina nusu ya mama wa asili, kisha robo, kisha sehemu moja ya nane, kisha moja ya kumi na sita, mpaka karibu yote iwe imekwisha. Lakini saitoplazimu hubaki ile ile ya bibi wa kwanza, maana kila mara imepita kwa mama. Michaelis alikuta kwamba mmea wa namna hiyo hautendi sawa na spishi ambayo kiini chake unacho. Bibi alikuwa bado anasema.

Ushahidi wa moja kwa moja ulikuja baadaye. Katika miaka ya 1962 na 1963 watafiti walionyesha kwa hadubini kwamba ndani ya kloroplasti na ndani ya mitokondria mna DNA.

Mgomba: mama ana lake na baba ana lake

Mfano unaofurahisha kuliko yote kwa msomaji wa pwani ni mgomba. Mwaka 1994 watafiti wa Ufaransa walichapisha matokeo ya kuzalisha migomba kwa chavua, wakifuatilia DNA ya kloroplasti na ya mitokondria kila moja peke yake. Waliona kwamba kloroplasti za mtoto zimetoka kwa mama, kama tulivyotarajia. Lakini mitokondria zimetoka kwa baba. Jambo hili ni nadra, ingawa limeonekana pia katika tango.

Kwa hiyo mgomba hubeba hati tatu kwa wakati mmoja. Kiini kinaeleza pande zote mbili, kloroplasti zinaeleza ukoo wa mama, na mitokondria zinaeleza ukoo wa baba. Mtafiti akizisoma zote tatu anaweza kusema nani alikuwa mama wa aina fulani ya ndizi na nani alikuwa baba, hata kama ndoa hiyo ilifungwa maelfu ya miaka iliyopita katika visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki. Mwaka 2002 watafiti waliolinganisha aina nyingi za ndizi kwa njia hii waliona kwamba ndizi zinazolika zina uhusiano na migomba ya mwitu ya eneo la New Guinea na ya Ufilipino, na mitokondria ndizo zilizoonyesha jambo hilo zaidi.

Hayo yanatuhusuje? Kati ya ndizi zilizoletwa kwetu kwa bahari mna kundi linaloitwa Mlali, linalojulikana katika Komoro na Madagaska, na lenye jamaa katika visiwa vya Zanzibar. Komoro ndizo jirani za ng'ambo za mwambao wa Cabo Delgado, na kwa karne nyingi majahazi yamekwenda na kurudi kati ya pwani hizi. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa tangu mwaka 2009 unaonyesha kwamba kundi la Mlali ni mzazi mmojawapo wa ndizi ya Cavendish, ambayo leo ndiyo inayouzwa kwa wingi katika masoko ya dunia. Mlali una undugu pia na ndizi za Mchare zinazolimwa Kilimanjaro. Yaani ndizi iliyofungwa plastiki katika duka la London ina ndugu wa karibu katika shamba la Mkomoro ambaye hajapata kusikia habari zake.

Tuongeze tahadhari moja. Ndizi tunazokula hazina mbegu. Mkulima hupanda chipukizi, na chipukizi si mtoto wa baba na mama. Ni mgomba ule ule ulioendelea, kiini chake na saitoplazimu yake. Katika Kiswahili twaweza kusema mgomba una watoto, na si kosa katika mazungumzo, lakini katika somo la urithi tuseme chipukizi. Ubaba na umama huja pale tu ua linapochavushwa na mbegu ikapatikana.

Muhogo: kilichorithiwa na kilichoambukizwa

Sasa tufike kwenye chakula kikuu cha mwambao wa Cabo Delgado, nacho ni muhogo. Muhogo nao hupandwa kwa pingili, yaani kipande cha shina. Pingili ni mmea ule ule, kwa hiyo hubeba kiini, kloroplasti na mitokondria za mmea ulikokatwa. Hata hivyo, hubeba kitu cha nne ambacho si sehemu ya urithi: virusi, kama mmea ulikuwa mgonjwa.

Magonjwa mawili ya virusi yanausumbua muhogo wa Afrika Mashariki. La kwanza ni batobato, ambalo hukunja majani na kuyatia mabaka ya njano. La pili ni michirizi kahawia, ambalo lilielezwa kwa mara ya kwanza kisayansi mwaka 1936 na H. H. Storey, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara. Ugonjwa huu umeishambulia zaidi pwani, ikiwemo kaskazini mwa Msumbiji. Hila yake ni kwamba mmea unaweza kuonekana mzima juu ya ardhi, kumbe mizizi imeoza kwa ndani na kuwa na sehemu kavu za rangi ya kahawia. Mkulima hugundua siku ya kuvuna.

Magonjwa yote mawili huenezwa kwa njia mbili: na inzi weupe wanaofyonza majani, na kwa mkulima mwenyewe anapokata pingili za mmea mgonjwa. Kwa kuwa pingili za shina gonjwa hutoa muhogo mgonjwa mwaka huu, mwaka ujao na mwaka wa tatu, watu husema muhogo huo umerithi ugonjwa. Ukitazama kwa nje, ni kama ule ukoo wa Correns: mama mweupe, watoto weupe. Tofauti iko ndani. Weupe wa lile ua uliandikwa katika DNA ya kloroplasti zenyewe. Virusi vya muhogo havimo katika hati yoyote ya muhogo. Ni mgeni aliyepanda chombo bila ruhusa.

Maneno haya mawili yana matokeo mawili shambani. Anayeamini kwamba ugonjwa umerithiwa huitupa aina nzima ya muhogo, hata kama aina hiyo ni tamu na inavumilia ukame, kwa kuwa anaona ubaya uko katika ukoo wake. Anayejua kwamba ni maambukizo hutafuta pingili safi za aina ile ile, hung'oa mashina magonjwa mapema, na huchagua shamba la kukatia pingili wakati mimea bado imesimama na mizizi imefukuliwa ikaonekana. Kwa mtu aliyerudi Palma au Mocímboa da Praia akapewa mzigo mmoja wa pingili, tofauti hii ndiyo inayoamua kama msimu wa pili atakuwa na cha kula.

Lakini tusiende upande wa pili kupita kiasi. Ugonjwa haurithiwi, ila uwezo wa kuustahimili hurithiwa. Katika pande zote mbili za Ruvuma mna muhogo wa Nachinyaya, unaojulikana kwa kustahimili michirizi kahawia: majani yanaweza kuonyesha dalili, lakini mizizi huchelewa kuharibika. Huko Amani, katika miaka ya 1930, Storey na mwenzake Nichols walianza kuuchanganya muhogo na ndugu zake wa mwituni na wa bustanini. Mmoja ni mti wa mpira unaoitwa Manihot glaziovii, ambao majani yake watu wa Tanzania huyapika kama kisamvu cha mpira. Watoto wa mchanganyiko huo walirudishwa kwa muhogo kizazi baada ya kizazi, ili mizizi iwe ya kuliwa na ustahimilivu ubaki. Muhogo wa Namikonga, unaoheshimiwa na watafiti kwa kuikataa michirizi kahawia, umetokana na kazi hiyo. Hesabu yake ya kiini ni ile ile ya nusu, robo, moja ya nane na moja ya kumi na sita tuliyoiona kwa Michaelis, na mpaka leo vipande vya kromosomu za ule mpira vinatambulika katika mihogo ya Afrika Mashariki.

Hatari ya bibi mmoja

Msomaji anaweza kuuliza: kama daftari la nje ya kiini ni dogo hivyo, lina madhara gani? Jibu limo katika mahindi ya Marekani. Ili kupata mbegu chotara, mahindi ya upande wa mama hayapaswi kujichavusha, na zamani vibarua walikata mbelewele kwa mikono. Baadaye ikapatikana saitoplazimu, iliyoitwa ya Texas, inayoyafanya mahindi yasitoe chavua inayofaa. Kampuni za mbegu zikaitumia kwa kuwa iliondoa gharama ya vibarua. Kufikia mwaka 1970, mahindi karibu asilimia 85 ya nchi hiyo yalikuwa na saitoplazimu hiyo moja. Majina ya mbegu yalikuwa mengi, viini vyao vilitofautiana, lakini bibi alikuwa mmoja.

Mwaka huo ukaja ukungu wa majani ambao sumu yake ilizidhuru mitokondria za aina hiyo hasa. Inakadiriwa kwamba nchi nzima ilipoteza asilimia 15 ya mavuno yake ya mahindi. Sababu haikuwa katika kiini. Ilikuwa katika ule ute ambao watu waliudhani hauna neno.

Tunaueleza mkasa huu kwa sababu eneo linalopokea vipando vya msaada baada ya vita linaweza kujikuta katika hali kama hiyo bila kujua. Ikiwa pingili zote zimetoka shamba moja, mmea ni mmoja kwa kiini na kwa saitoplazimu, hata ukipandwa katika vijiji mia. Muhogo wa zamani uliobaki nyuma ya nyumba iliyoachwa, na mgomba unaochipua penye magugu, ni hati ambazo hazina nakala mahali pengine. Wazee wanaozijua kwa majina, kwa Kimwani au Kimakonde, wana elimu inayofaa kuandikwa. Kazi ya kuandika majina hayo ni ya watu wa lugha kama ilivyo ya watu wa kilimo.

Nasaba za watu wa pwani

Kwa binadamu, mitokondria hutoka kwa mama. DNA yake ina herufi 16,569 na jeni 37 tu. Mwana wa kiume anayo ya mama yake, lakini haipitishi kwa wanawe. Kinyume chake, kromosomu Y hukaa katika kiini na hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume.

Mwezi Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania, ikiwemo Mtwapa, Manda, Kilwa na Songo Mnara, pamoja na mji mmoja wa bara. Mitokondria za wengi wa watu wa pwani zilikuwa za asili ya Afrika, ilhali kromosomu Y za wengi wao zilikuwa za asili ya Asia, hasa Uajemi. Tusilipanue jambo hili kupita mipaka yake, kwani wengi wa waliochunguzwa walizikwa katika makaburi ya watu wenye hadhi. Hata hivyo, lina funzo kwetu. Masimulizi ya Washirazi yalihesabu upande wa baba, na hayakuwa uongo. Lugha iliyozungumzwa nyumbani, ambayo ni ya Kibantu, ilibaki ya upande wa mama. Nasaba iliyotajwa kwa mdomo ilikuwa moja, na iliyohifadhiwa nje ya kiini ilikuwa nyingine.

Mapendekezo kwa walimu

Tunapendekeza kwamba somo hili lifundishwe kwa kutenganisha vitenzi kabla ya kufundisha istilahi. Mali huachwa na hurithiwa. Umbile hurithiwa na hurithishwa. Ugonjwa wa virusi huambukiza na huambukizwa. Mwanafunzi akiwa imara katika vitenzi hivi, istilahi za kiini cha seli, saitoplazimu, kloroplasti na mitokondria hazitamshinda.

Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi sentensi kama hizi wazijadili na kuzisahihisha pale inapobidi:

1. Muhogo huu umerithi batobato kwa pingili iliyopandwa.
2. Nachinyaya hurithi uwezo wa kustahimili michirizi kahawia.
3. Chipukizi la mgomba limepata kloroplasti kwa mama na mitokondria kwa baba.
4. Mche mweupe wa Correns uliambukizwa weupe na mama yake.

Sentensi ya kwanza ina kosa la kitenzi: muhogo umeambukizwa. Ya pili ni sahihi, ingawa "hubeba" kingekuwa kitenzi wazi zaidi. Ya tatu inachanganya chipukizi na mche uliotokana na mbegu. Ya nne inageuza urithi kuwa maradhi. Katika madarasa yenye wazungumzaji wa lugha mbalimbali, waulizwe pia lugha zao hutumia kitenzi gani kwa kila hali. Kimwani kimo katika lugha za elimu ya lugha mbili nchini Msumbiji, kwa hiyo mjadala kama huu unaweza kuwafaa walimu wa pande zote mbili za Ruvuma. Waliokwisha kuizoea Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 wanaweza pia kuwapa wanafunzi kazi ya kulinganisha istilahi zake na zinazosikika leo.

Hitimisho

Tumeona kwamba urithi haukai mahali pamoja. Sehemu kubwa imo katika kiini na hutoka kwa wazazi wawili. Sehemu ndogo imo nje ya kiini, na mara nyingi hutoka kwa mama, ingawa mgomba umetuonyesha kwamba baba naye anaweza kuwa na zamu yake. Tumeona pia kwamba kitu kinaweza kupita kutoka mmea hadi mmea, mwaka baada ya mwaka, bila kuwa urithi.

Lugha yetu ina maneno ya kutosha kuyaeleza yote haya. Kilichobaki ni sisi walimu kuyatumia kila moja mahali pake, na kuwasahihisha wanafunzi wetu kwa upole wanaposema muhogo umerithi maradhi. Mwanafunzi huyo anaweza kesho kuwa bwana shamba au mfasiri wa kikosi cha msaada, na mkulima atakayemsikiliza ataamua kwa maneno yake ni pingili ipi aipande na ipi aichome moto.